Mauzo ya mtandaoni ya maduka makubwa

Mauzo ya mtandaoni ya maduka makubwa ni biashara ambayo duka lenye mtaji mkubwa, maghala na wafanyakazi wengi huuza bidhaa zake kwa njia ya tovuti au programu ya simu, badala ya kumsubiri mteja afike dukani. Mteja huchagua bidhaa kwa kutazama picha na maelezo. Hulipa kwa simu, kwa benki, au kwa fedha taslimu anapopokea mzigo. Baada ya hapo duka humfikishia bidhaa nyumbani au mahali pa kuchukulia palipo karibu naye.

Biashara hii hulipa duka soko pana na taarifa nyingi kuhusu wateja. Hata hivyo haiondoi gharama za kuuza, bali huzihamisha: pango na mishahara ya dukani hupungua, lakini gharama za ghala, ufungashaji, usafirishaji na kurudishiwa bidhaa huongezeka. Kwa sababu hiyo, faida au hasara hutegemea sana mahali alipo mteja. Jambo hilo huonekana wazi katika wilaya zilizo mbali na bandari na miji mikubwa, kama vile Karagwe na Kyerwa katika Mkoa wa Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania.

## Historia

Majaribio ya kuuza bidhaa za dukani kwa njia ya mawasiliano ya kielektroniki yalianza kabla ya intaneti kuenea. Mwaka 1984, huko Gateshead, Uingereza, mama mzee aliagiza bidhaa kutoka supamaketi ya Tesco kwa kutumia televisheni iliyounganishwa na laini ya simu. Kampuni ya Amazon ya Marekani ilianza kuuza vitabu kupitia intaneti mwaka 1995, na baadaye ikaongeza bidhaa za aina nyingine nyingi.

Maduka yaliyokuwa yamezoea kuuza ana kwa ana yalilazimika kufuata. Si yote yaliyofaulu kila mara. Mwaka 2016 kampuni ya Walmart ya Marekani ilinunua duka la mtandaoni la Jet.com kwa takriban dola bilioni 3.3, lakini ikalifunga mwaka 2020. Tesco nayo ilifunga tovuti yake ya Tesco Direct mwaka 2018. Tovuti hiyo iliuza bidhaa zisizo chakula, na kampuni ilieleza kuwa haikuona njia ya kuifanya ilete faida. Wakati huohuo Tesco iliendelea kuuza chakula mtandaoni. Mifano hiyo inaonyesha kwamba hata kampuni yenye fedha nyingi na jina linalofahamika inaweza kupata hasara katika tawi moja la mauzo ya mtandaoni.

## Katika Afrika Mashariki

Msingi mkubwa wa biashara hii katika Afrika Mashariki ni malipo kwa simu. Huduma ya M-Pesa ilianza nchini Kenya mwaka 2007 na nchini Tanzania mwaka 2008. Iliwawezesha watu wasio na akaunti ya benki kumlipa muuzaji aliye mbali, na makampuni mengine ya simu yalifuata kwa huduma zao.

### Jumia

Jumia ni kampuni ya mauzo ya mtandaoni iliyoanzishwa Lagos, Nigeria, mwaka 2012, na baadaye ikaenea katika nchi nyingi za Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda na Tanzania. Huuza bidhaa zake na pia huwaruhusu wafanyabiashara wengine kuuza kupitia tovuti yake. Mwezi Aprili 2019 hisa zake zilianza kuuzwa katika Soko la Hisa la New York. Mwaka huohuo kampuni ilipata hasara ya uendeshaji inayozidi Euro milioni 200, na ikatangaza pia kuwa imegundua oda zisizo halali zilizopitia baadhi ya mawakala wake wa mauzo nchini Nigeria.

Mwezi Novemba 2019 Jumia ilisitisha biashara yake ya mtandaoni nchini Kamerun na Tanzania ili kuelekeza rasilimali zake katika masoko mengine. Mwisho wa mwaka 2024 iliondoka pia Afrika Kusini na Tunisia, huku ikiendelea katika nchi nyingine, zikiwemo Kenya na Uganda.

### Copia

Copia ilikuwa kampuni ya Kenya iliyolenga wateja wa vijijini na wenye kipato cha chini. Haikumtegemea mteja mwenye simu ya kisasa. Ilitumia mawakala, wengi wao wakiwa wenye maduka madogo, ambao walimsaidia mteja kuagiza na kisha kupokea mzigo kwa niaba yake. Kwa njia hiyo gari moja lilishusha mizigo ya wateja wengi mahali pamoja. Kampuni iliondoka Uganda mwaka 2023, na mwezi Mei 2024 iliwekwa chini ya msimamizi nchini Kenya baada ya kukosa mtaji wa kuendelea.

### Maduka ya kawaida

Kushindwa hakukuyapata maduka ya mtandaoni peke yake. Shoprite ya Afrika Kusini iliondoka Tanzania mwaka 2014 na maduka yake yakachukuliwa na Nakumatt ya Kenya. Uchumi, pia ya Kenya, ilifunga maduka yake ya Tanzania na Uganda mwaka 2015. Nakumatt yenyewe ilianguka miaka michache baadaye. Hivyo duka la jengo nalo lina hatari zake, hasa pango, madeni kwa wauzaji wa jumla na bidhaa zinazokaa rafuni bila kununuliwa.

## Faida

Faida zinazotajwa zaidi kwa duka kubwa ni hizi:

* Soko pana. Duka lenye jengo Dar es Salaam au Mwanza linaweza kuuza Kayanga au Nkwenda bila kujenga tawi huko.
* Saa za kazi. Oda hupokelewa usiku na siku za sikukuu, ingawa mzigo hutumwa baadaye.
* Orodha ndefu ya bidhaa. Rafu za duka zina kikomo, lakini tovuti inaweza kuonyesha maelfu ya bidhaa zilizo ghalani au kwa wauzaji wengine.
* Taarifa za mahitaji. Duka huona bidhaa zinazotafutwa, zinazoachwa na zinazorudishwa. Huweza kuagiza kwa kipimo badala ya kukisia.
* Kumbukumbu. Kila mauzo huacha alama. Hii husaidia katika mahesabu, kodi, udhibiti wa wizi wa ndani na maombi ya mikopo.
* Matangazo ya bei nafuu. Picha moja katika mitandao ya kijamii inaweza kuwafikia watu wengi kuliko bango la barabarani.
* Kuungana na duka la kawaida. Mteja anaweza kuagiza kwa simu na kuchukua dukani. Njia hii huondoa gharama ya kumfikishia mzigo, na mara nyingi mteja akifika hununua kitu kingine.

Mnunuzi naye hufaidika kwa kulinganisha bei. Mkazi wa kijijini anayejua bei ya Kariakoo ana nguvu zaidi anapojadiliana na mwenye duka wa karibu.

## Hatari

### Usafirishaji

Dukani, mteja mwenyewe hubeba bidhaa hadi nyumbani. Mtandaoni kazi hiyo huwa ya muuzaji. Sehemu ya mwisho ya safari, yaani kutoka stendi au ghala la mji hadi mlangoni kwa mteja, huwa ghali kuliko nyingine kwa kila kilomita, kwa kuwa gari au pikipiki hubeba mzigo mmoja tu.

### Bidhaa kukataliwa au kurudishwa

Mnunuzi hakuishika bidhaa kabla ya kuagiza. Kiatu kinaweza kumbana, na rangi ya kitambaa ikatofautiana na picha. Mahali ambapo malipo hufanywa wakati wa kupokea, wengine hubadili mawazo au huwa hawana fedha mzigo unapofika. Duka hulipa nauli ya kwenda na ya kurudi bila kuuza kitu.

### Uaminifu na utapeli

Matapeli hufungua kurasa zenye jina na nembo ya duka linalojulikana, hupokea fedha na kutoweka. Aliyetapeliwa huweza kulilaumu duka halisi ingawa halikuhusika. Hatari nyingine hutokea duka linaporuhusu wauzaji wengine watumie tovuti yake: bidhaa bandia ikiuzwa na mmoja wao, lawama huangukia jina lililo juu ya tovuti.

### Usalama wa mifumo

Duka la mtandaoni hutunza majina, namba za simu, mahali pa kuishi na kumbukumbu za malipo. Wadukuzi wakiingia, madhara huwa makubwa. Mwezi Aprili 2025 kampuni ya Marks & Spencer ya Uingereza ilishambuliwa kimtandao, ikasimamisha oda za mtandaoni kwa zaidi ya wiki sita. Kampuni ilikadiria kuwa shambulio hilo lingepunguza faida yake ya uendeshaji ya mwaka kwa takriban pauni milioni 300. Maduka yake ya kawaida yaliendelea kufunguliwa.

### Kukatika kwa intaneti na umeme

Mwezi Mei 2024 hitilafu katika nyaya za mawasiliano za baharini za EASSy na Seacom ilidhoofisha intaneti nchini Tanzania na katika nchi jirani. Duka linalotegemea njia moja ya kupokea oda husimama katika nyakati kama hizo.

### Ushindani wa ndani

Mauzo ya mtandaoni huweza kuchukua wateja walewale waliokuwa wakinunua katika matawi ya duka. Katika hali hiyo mauzo ya jumla hayaongezeki, lakini duka hulipia njia mbili za kuuza badala ya moja.

## Mazingira ya Karagwe na Kyerwa

Wilaya ya Karagwe ina makao makuu yake Kayanga. Wilaya ya Kyerwa ilianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Karagwe. Inapakana na Uganda na Rwanda, na mji wake wa mpakani ni Murongo. Katika sensa ya mwaka 2012 kila moja ya wilaya hizi ilikuwa na wakazi zaidi ya 300,000. Kwa idadi ya watu, basi, soko lipo.

Ugumu wa kwanza ni umbali. Kutoka Dar es Salaam, ambako bidhaa nyingi za viwandani huingilia nchini, hadi Karagwe ni zaidi ya kilomita 1,300 kwa barabara. Vifurushi vingi hupakiwa katika mabasi ya abiria na kushushwa katika vituo kama Kayanga na Omurushaka. Kutoka hapo mzigo huendelea kwa gari dogo au bodaboda kuelekea Nkwenda, Isingiro, Kaisho, Murongo na vijiji vya pembezoni. Barabara nyingi za vijijini ni za udongo, na nyakati za mvua safari huchelewa na nauli hupanda.

Ugumu wa pili ni anwani. Serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi na postikodi mwaka 2022, lakini katika vijiji vingi mleta mzigo bado huelekezwa kwa jina la kitongoji, shule, kanisa, msikiti au duka, na kwa kupigiana simu njiani. Simu ya mteja ikizimwa, mzigo hukwama.

Ugumu wa tatu ni majira ya fedha. Kaya nyingi hutegemea kahawa, hasa aina ya Robusta, pamoja na ndizi na maharage. Kahawa huvunwa zaidi katikati ya mwaka, na malipo yake ndiyo hununua mabati, magodoro, simu, redio na vifaa vya umeme wa jua. Oda huweza kuwa nyingi kwa miezi michache na kupungua sana baadaye, ilhali gharama za ghala na wafanyakazi huendelea mwaka mzima.

Hata hivyo ununuzi wa mbali si jambo geni katika wilaya hizi. Wenye maduka na wanunuzi wa kawaida huwasiliana na wauzaji wa Kariakoo, Mwanza au Bukoba kwa simu na WhatsApp, hutumiwa picha, hulipa kwa simu na kupokea mzigo stendi. Utaratibu huu ni wa bei nafuu kwa sababu mnunuzi mwenyewe hulipa nauli na kuufuata mzigo. Nguzo yake ni kufahamiana: mara nyingi muuzaji anajulikana na ndugu au jirani aliyenunua kabla. Duka kubwa linaloingia hushindana na mtandao huo wa watu. Faida linayoweza kuleta ambayo muuzaji wa WhatsApp huwa hana ni risiti, dhamana na mahali pa kulalamikia.

## Mfano wa hesabu

Namba zifuatazo ni za kufundishia tu, si bei halisi za kampuni yoyote. Duka la Dar es Salaam linauza redio kwa Sh 45,000, baada ya kuinunua kwa Sh 35,000. Faida ghafi ni Sh 10,000. Redio inatumwa kwa mteja mmoja kijijini Kyerwa:

* Ufungashaji: Sh 500
* Nauli ya mzigo kwa basi: Sh 4,000
* Bodaboda hadi kwa mteja: Sh 2,000
* Ada ya malipo: Sh 500
* Jumla ya gharama: Sh 7,000
* Faida inayobaki: Sh 3,000

Mteja akiikataa redio mlangoni, duka hulipa ufungashaji Sh 500, basi la kwenda na kurudi Sh 8,000, na bodaboda ya kwenda na kurudi Sh 4,000. Hasara ni Sh 12,500. Kati ya redio tano, moja ikikataliwa, faida ya nne zilizouzwa ni Sh 12,000, na hasara ya ile moja ni Sh 12,500. Duka limeuza redio nne na kupoteza Sh 500.

Sasa duka likusanye oda kumi na kuzituma katika sanduku moja kwa wakala wa Nkwenda kwa nauli ya Sh 15,000, yaani Sh 1,500 kwa kila redio. Wakala alipwe Sh 1,500 kwa kila redio, ufungashaji uwe Sh 500 na ada ya malipo Sh 500. Gharama kwa redio moja ni Sh 4,000, na faida inayobaki ni Sh 6,000. Redio isiyochukuliwa hubaki kwa wakala na kuuzwa kwa mtu mwingine, bila nauli ya kurudi. Tofauti kati ya hasara na faida haikuletwa na bei ya redio wala ubora wa tovuti, bali na namna mzigo ulivyosafirishwa.

Mfano huu hauhesabu matangazo, mishahara, kodi wala gharama za mfumo wa kompyuta. Hizo zote hulipwa kutokana na faida inayobaki. Historia ya Copia inaonyesha kuwa hata mfumo wa mawakala haumalizi tatizo iwapo oda hazitoshi kulipia uendeshaji.

## Sheria nchini Tanzania

* Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua mikataba inayofanyika kielektroniki. Inamtaka muuzaji atoe taarifa za kumtambulisha na za bidhaa anayouza.
* Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahusu udanganyifu kwa njia ya kompyuta, kujifanya mtu mwingine na kuingia katika mifumo bila idhini.
* Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, inalibana duka kuhusu namna linavyokusanya na kutumia taarifa za wateja.
* Sheria ya Ushindani ya 2003 ndiyo iliyounda Tume ya Ushindani, ambayo miongoni mwa kazi zake ni kumlinda mlaji na kupambana na bidhaa bandia.

Kodi na tozo pia huathiri biashara hii. Mwezi Julai 2021 serikali iliweka tozo kwenye miamala ya fedha kwa simu, ambayo baadaye ilipunguzwa kwa awamu. Gharama ya kutuma na kutoa fedha inapopanda, wanunuzi wadogo hurudi kwenye fedha taslimu.

## Njia za kupunguza hatari

Maduka hutumia njia kadhaa, na nyingi hufanya kazi vizuri zaidi zikiunganishwa:

* Kukusanya oda za eneo moja na kuzituma kwa siku maalumu, kwa mfano siku ya gulio, wakati wateja wenyewe huja mjini.
* Kutumia wakala anayejulikana katika kijiji, ambaye mteja anaweza kumrudia bidhaa ikiharibika.
* Kuomba malipo ya awali ya sehemu ya bei, ili mteja asiye na nia asiagize.
* Kutaja nauli waziwazi kabla ya mteja kuthibitisha oda.
* Kuanza na bidhaa zisizovunjika wala kuoza, na zisizohitaji kupimwa mwilini.
* Kutangaza namba rasmi za malipo na kuwaonya wateja wasilipe kwa namba za watu binafsi.
* Kuwa na njia ya pili ya kuagiza, kama vile kupiga simu, kwa wateja wasio na simu janja na kwa siku ambazo intaneti inasumbua.
* Kutunza nakala za kumbukumbu mahali pengine na kuwapa wafanyakazi wachache tu ruhusa ya kuona taarifa za wateja.

## Tazama pia

* Biashara
* Malipo kwa simu
* M-Pesa
* Mkoa wa Kagera
* Wilaya ya Karagwe
* Wilaya ya Kyerwa